Uwanja wa Gofu Ulibuniwa na Nani? Kesi ya Merion na Ugumu wa Swali Jepesi

Bethpage Black, huko Long Island, ndiko Ulaya ilikowalaza Wamarekani nyumbani kwao kwa pointi 15 kwa 13 katika Ryder Cup, pambano la timu za gofu za Ulaya na Marekani, ya Septemba 2025. Muulize mpenzi wa gofu ni nani aliyeubuni uwanja huo, atakujibu bila kusita: A. W. Tillinghast, msanifu mashuhuri wa viwanja. Muulize mwenzake, atakukatalia: ni Joseph Burbeck, aliyekuwa msimamizi wa hifadhi ya serikali ulimo uwanja huo. Kila mmoja ana karatasi za kumtetea. Na uwanja wenyewe wala si wa kale. Ulifunguliwa mwaka 1936, enzi ambayo ofisi za serikali ya New York zilijaa mafaili, mashine za chapa na makarani wa kuzitumia.

Ubishi kama huu unavizunguka viwanja vingi vikongwe vya Marekani na Uingereza, Merion wa Philadelphia ukiwamo. Kwetu unashangaza kwa sababu viwanja vipya tunavyovijua vinakuja na jina la mbunifu tangu siku ya kwanza. Vipingo Ridge, kule Kilifi, ni kazi ya David Jones, na hakuna anayeligombania hilo. Mtu akizoea hivyo hudhani kila uwanja una cheti chake cha kuzaliwa, na kwamba anayeuliza maswali ya ziada anatafuta ugomvi tu.

Tuanze na vitu vyenyewe. Uwanja kamili una mashimo 18. Shimo, kwa wachezaji, si kile kitundu tu mpira unamotumbukia. Ni kipande chote cha ardhi kuanzia tii, pale mpira wa kwanza unapopigwa, hadi grini, ule ukoka uliokatwa mfupi kabisa ambapo bendera imesimikwa. Katikati kuna njia iliyofyekwa, majani marefu pembeni, na mitego ya mchanga iliyowekwa pale hasa mwenye tamaa anapotaka kupapitisha mpira wake.

Kutoka shamba tupu hadi kufika hapo pana kazi nyingi tofauti. Kuna anayeamua ardhi ipi inunuliwe. Kuna anayepanga mashimo 18 yafuatane vipi juu ya ardhi hiyo bila kugongana, na hii kwangu ndiyo roho ya ubunifu, maana mpangilio ukiharibika hakuna grini nzuri itakayouokoa. Kuna anayechora umbo la kila grini na kila mtego. Kuna anayesimamia vibarua na farasi wa kukokota udongo, ambaye mambo mengi huyaamua palepale kwa jicho. Kisha miaka inapita, anakuja mwingine anabomoa na kujenga upya. Ni kama wimbo wa taarab: mashairi ni ya huyu, muziki ametia yule, ila mtaani wimbo unaitwa wa mwimbaji. Anayesema ni wa mwimbaji hajadanganya, lakini anayemtafuta mtunzi bado hajajibiwa.

Kuna hata viwanja ambavyo hakuna mtu aliyekaa chini akavibuni. Old Course ya St Andrews, Uskoti, ndiyo mfano mkuu. Hati ya mwaka 1552 ya Askofu Mkuu John Hamilton ilitambua haki ya wenyeji kucheza gofu kwenye ardhi ile ya mchanga kando ya bahari. Mwaka 1764 mzunguko wa mashimo 22 ulipunguzwa ukawa 18, na idadi hiyo ndiyo iliyoenea duniani. Karne ya 19, Allan Robertson na baadaye Tom Morris Mzee waliutanua uwanja na kuongeza grini hapa na pale. Lakini umbo lake la msingi lilitokana na upepo, kondoo waliojificha baridi kwenye makorongo, na nyayo za wachezaji wa karne kadhaa. Mtu akikwambia Old Course ilibuniwa na fulani, huyo anauza kitu.

Gofu iliposhika kasi Marekani miaka ya 1890, ukazuka utaratibu wa kuchekesha. Klabu ilimwalika Mskoti anayejua mchezo, akatembea shambani, akachomeka vigingi kuonyesha tii na grini zitakaa wapi, jioni akapanda treni kurudi zake. Tom Bendelow alitaniwa sana kwa mtindo huo wa vigingi 18 kwa alasiri moja. Gazeti la mji likaandika kwamba uwanja umepangwa na mgeni huyo, na kwa kiasi chake ni kweli. Ila aliyebaki miezi akipanda nyasi, akihamisha grini iliyotuamisha maji, akiongeza mitego, alikuwa katibu wa klabu au mtunza nyasi ambaye gazeti halikumtaja kabisa.

Kisha likaja suala la majina makubwa. Donald Ross, mzaliwa wa Dornoch huko Uskoti aliyefanya makao yake Pinehurst, North Carolina, anahesabiwa viwanja vinavyokaribia 400. Baadhi alivichora mezani akiwa na ramani ya miinuko tu, wasaidizi wake wakasimamia ujenzi. Jina la Ross lina bei: linavuta wanachama na linapandisha ada. Klabu yenye barua yake moja ya mwaliko hupata kishawishi kikubwa cha kubandika jina hilo mlangoni, na sitazilaumu sana, ila msomaji ajue kishawishi hicho kipo.

Ukishaelewa hayo, Bethpage haitishi tena. Mwaka 2002, uwanja huo ulipokaribia kuandaa U.S. Open, mashindano makuu ya wazi ya Marekani, kwa mara ya kwanza, jarida la Golf Digest lilichapisha hoja kwamba sifa inamstahili Burbeck. Tillinghast aliajiriwa kama mshauri, tena kwa siku chache, wakati Burbeck alikuwapo muda wote wa ujenzi. Tillinghast mwenyewe, akiandika mwaka 1937, alikiri kwamba wazo la kuufanya mmoja wa viwanja vya Bethpage uwe mkali kupindukia, wa kulinganishwa na Pine Valley, uwanja wa New Jersey unaosifika kwa ugumu, lilikuwa la Burbeck. Wafuasi wa Burbeck wanaishia hapo. Lakini kuwa na wazo la uwanja mgumu si sawa na kuamua grini ya nne ikae wapi, na mshauri mwenye macho ya Tillinghast anaweza kuacha alama nzito kwa siku chache. Kwa maoni yangu majina yote mawili yanastahili kuandikwa, na anayelazimisha moja anajibu swali jepesi kuliko lile lililoulizwa.

Merion ni ngumu zaidi, na ndiyo inayofundisha namna ya kutafuta.

Uwanja wa Mashariki wa Merion uko Ardmore, nje kidogo ya Philadelphia. Ni mdogo kwa eneo, takribani ekari 126, na juu ya milingoti yake hakuna bendera bali vikapu vya kusukwa. Hapo ndipo Bobby Jones alipokamilisha ushindi wake wa mashindano makuu manne mwaka 1930, na hapo ndipo Ben Hogan alipotwaa U.S. Open mwaka 1950, miezi kadhaa baada ya ajali ya gari iliyokaribia kumuua. Uwanja wenye historia hiyo lazima uwe na hadithi ya kuzaliwa, na Merion walikuwa nayo nzuri.

Hadithi inasema hivi. Mwaka 1910 Merion Cricket Club iliona uwanja wake wa zamani umepitwa na wakati, kwa kuwa mipira mipya aina ya Haskell ilikuwa ikiruka mbali mno. Klabu ikamteua Hugh Wilson, kijana wa bima aliyesoma Princeton, ambaye hakuwahi kujenga uwanja maishani. Ikamtuma Uingereza na Uskoti kwa miezi saba akasome viwanja vya huko. Akarudi na mafungu ya michoro, akajenga uwanja wa ajabu kwa jaribio la kwanza. Ukafunguliwa Septemba 1912.

Kilichoitoboa hadithi hii ni orodha za abiria wa meli. Nyakati zile kila msafiri aliyeshuka New York aliandikwa jina, umri na tarehe, na orodha hizo zimehifadhiwa. Watafiti walipozipekua, safari ya 1910 haikuonekana. Walichokikuta ni Wilson akirejea kutoka Ulaya mwaka 1912, majira ya kuchipua. Wakati huo mashimo ya Merion yalikuwa yameshapangwa, udongo umeshasogezwa na nyasi zimeshaota. Safari ilikuwapo kweli, lakini uwanja uliitangulia. Na Wilson hakuwahi kuficha: katika maelezo aliyoyaandika mwaka 1916 kwa ombi la wataalamu wa nyasi, alisema viwanja vizuri alivyoviona baadaye Uingereza na Uskoti vilithibitisha mafunzo aliyoyapata kwanza nyumbani. Waliopanga tarehe upya ni waliomfuata.

Alifundishwa na nani nyumbani? Hapa ndipo anapoingia Charles Blair Macdonald, bingwa wa kwanza rasmi wa U.S. Amateur, mashindano ya taifa ya wachezaji wa ridhaa, mwaka 1895, aliyesoma St Andrews akiwa kijana na ambaye wakati huo alikuwa akikamilisha uwanja wake wa National Golf Links kule Southampton, Long Island. Alikuwa na mkwewe, mume wa binti yake, H. J. Whigham, naye bingwa wa 1896 na 1897. Juni 1910 wawili hao walikwenda kuikagua ardhi ambayo Merion ilitaka kuinunua. Macdonald akaandika barua ya ushauri: udongo na maji akavizungumzia, akaonya kwamba kazi ngumu itakuwa kupata mashimo 18 ya daraja la kwanza ndani ya ekari zile, na akasema ni vigumu kutoa kauli ya uhakika bila ramani ya miinuko.

Barua hiyo ina uzito kwa kile isichokisema. Haina mpangilio wa mashimo. Na Desemba 1910 mwanasheria aliyehusika na ununuzi aliandika kwamba mipaka ya ardhi bado haijakaa sawa kwa sababu uwanja wenyewe haujapangwa rasmi, ndiyo maana ikaonekana bora hati iandikwe kwa jina la Horatio Gates Lloyd, mwanachama tajiri wa klabu, ili mistari iweze kurekebishwa. Karatasi ya sheria kama hii ni dhahabu kwa mtafiti. Aliyeiandika hakuwa akimpigia debe mbunifu yeyote. Alikuwa akishughulika na mipaka, na bila kukusudia akatuachia tarehe.

Mapema 1911 kamati ya Wilson ilikuwa kazini. Ilikuwa na watu watano, Wilson akiwa mwenyekiti; walikuwamo Lloyd, Rodman Griscom, Harry Toulmin, na Richard Francis aliyekuwa na ujuzi wa kupima ardhi. Walichora mipango mingi. Wakaenda kumtembelea Macdonald kwake National Golf Links, wakakaa siku mbili. Wilson alikuja kuandika kwamba usiku mmoja pale waliokota mawazo mengi ya ujenzi wa viwanja kuliko waliyojifunza miaka yote ya kucheza. Wakarudi Ardmore, wakapangua walichokuwa nacho, wakachora mipango mitano. Tarehe 6 Aprili 1911 Macdonald na Whigham wakaja, wakashinda kutwa nzima shambani, wakaiangalia mipango na ardhi, wakaidhinisha mmoja. Walisema ukijengwa huo, mashimo saba ya mwisho yatalingana na mashimo yoyote saba ya viwanja vya bara, visivyo kando ya bahari, duniani.

Haya yote tunayajua kutoka kwenye taarifa iliyosomwa mbele ya bodi ya klabu tarehe 19 Aprili 1911, siku 13 tu baada ya ziara ile. Na hapo kambi mbili zinasimama juu ya karatasi ileile. Kambi ya Macdonald inasema: tazama, aliikagua ardhi kabla haijanunuliwa, akawafundisha, na mwisho akaamua mpango upi ujengwe. Ukiongeza na kwamba Whigham, Macdonald alipofariki mwaka 1939, aliitaja Merion waziwazi miongoni mwa viwanja vya baba mkwe wake huyo na msaidizi wake Seth Raynor, wabunifu ni hao. Kambi ya Wilson inasema: isome tena, waliochora ile mipango ni kamati. Na Alan Wilson, kaka yake Hugh, aliandika mwaka 1926 kwamba viwanja vya Merion ni kazi ya nyumbani, kwamba Macdonald na Whigham walitoa ushauri mzuri, na kwamba wanakamati wote walimwambia aliyehusika zaidi na ubunifu ni Hugh.

Tuwapime mashahidi. Mmoja ni mkwe, anaandika tanzia ya baba mkwe miaka 28 baada ya tukio, na anamtaja Raynor ambaye katika ile taarifa ya Aprili 1911 hayumo. Mwingine ni ndugu wa damu, anaandika mwaka mmoja baada ya mazishi ya Hugh, aliyefariki Februari 1925 akiwa na miaka 45 tu. Wote wawili waliwapenda marehemu wao, wote wawili walikuwa waungwana. Sidhani kuna aliyedanganya kwa makusudi. Lakini ushahidi wa namna hiyo unakaa chini ya barua ya mwanasheria na chini ya taarifa ya bodi iliyoandikwa wino wa ziara ukiwa haujakauka.

Yupo na wa tatu. Mwaka 1950 Francis, yule mjumbe wa kamati, alisimulia kwamba mashimo ya mwisho yaligoma kuenea kwenye ardhi iliyokuwapo, hadi usiku mmoja akapata wazo: klabu iachie kipande cha ardhi kisichofaa upande wa pili, ipewe kingine pale ilipo leo grini ya 15 na tii ya 16. Akapanda baiskeli usiku huohuo kwenda kwa Lloyd, Lloyd akakubali, na siku chache baadaye mafundi wa machimbo wakalipua jiwe pale ilipotakiwa grini ya 16. Watafiti wamebishana sana kuhusu tarehe ya usiku ule, kwa sababu tarehe ndiyo inayoonyesha kama mpangilio ulikuwa umefika mbali kabla ya kwenda kwa Macdonald au la. Vyovyote vile, kipande muhimu cha mpangilio kilitoka kwa mtu mwenye baiskeli ambaye hakuna anayemwita msanifu.

Watu wengi huanza utafiti kwa kufungua kitabu cha historia ya klabu, wakadhani wamefika. Kitabu hicho kwa kawaida kiliandikwa kusherehekea miaka 50 au 75 au 100, na mwandishi wake alikuwa mwanachama. Ni mahali pazuri pa kupata majina ya kutafutwa, si mahali pa kumalizia. Magazeti ya wakati ule yanasaidia zaidi kwa tarehe, ingawa mwandishi wa habari alikuwa akiandika alichoambiwa na katibu. Muhtasari wa vikao, hati za ardhi, risiti na barua za kazi ndizo zinazostahili muda. Wilson, kwa mfano, aliandikiana kwa miaka na Charles Piper na Russell Oakley wa Wizara ya Kilimo ya Marekani kuhusu mbegu, mbolea na magugu. Barua kavu kabisa, mbolea mwanzo mwisho. Lakini zinaonyesha nani alikuwa shambani, lini, akihangaika na nini.

Kisha kuna picha. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ya J. Victor Dallin ilikuwa ikipiga picha za Philadelphia na vitongoji vyake kutoka kwenye ndege, na mkusanyiko wake umehifadhiwa kwenye maktaba ya Hagley, jimbo la Delaware. Picha ya angani haina mkwe wala kaka. Mtego ukiwapo unaonekana mweupe; usipokuwapo, basi aliyeuchimba alikuja baadaye, hata kama kibao cha klabuni kinasema ni wa tangu mwanzo.

Hilo la baadaye husahaulika sana. Merion iliyofunguliwa 1912 siyo aliyoichezea Jones mwaka 1930. Shimo la 10 la awali lilijengwa kwa mfano wa Alps, shimo maarufu la Prestwick huko Uskoti, mtindo ambao Macdonald aliupenda mno. Mashimo ya eneo hilo yalivuka barabara ya Ardmore Avenue, na magari yalipoongezeka yakawa kero na hatari. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 yakapangwa upya. Wilson alikuwa akirekebisha mitego na grini hadi mwisho wa maisha yake, akisaidiwa na William Flynn, aliyeanzia kwenye ujenzi wa Merion na baadaye akawa msanifu mkubwa kwa jina lake mwenyewe. Karibu karne moja baadaye Gil Hanse akaletwa kuurejesha uwanja katika hali yake ya zamani, na "zamani" ipi irejeshwe ni uamuzi wa ubunifu pia.

Baadhi ya wanachama wa klabu kongwe huuona uchunguzi huu kama kuchimbua kaburi. Kwa Wilson naona kinyume. Yule wa hadithi ni kijana mwenye kipaji cha kuzaliwa aliyekwenda ng'ambo akarudi na siri. Yule wa kwenye karatasi alikiri kwa maandishi kwamba kamati yake isingethubutu kuianza kazi kama ingejua nusu ya mambo isiyoyajua, akatafuta mjuzi wa kumfundisha, akachora, akakosolewa, akachora tena, halafu akaendelea kuusahihisha uwanja kwa zaidi ya miaka kumi. Huyu wa pili namheshimu zaidi.

Kwa hiyo mtu akitaka jibu la Merion la kuandika chini ya picha, ningeandika hivi: mpangilio wa Hugh Wilson na kamati yake, 1911, kwa mafunzo na idhini ya Macdonald na Whigham, na mchango wa Richard Francis kwenye mashimo ya mwisho, marekebisho ya Wilson na Flynn miaka ya 1910 na 1920, ukarabati wa Gil Hanse. Ni ndefu, haitaenea kwenye kadi ya kuandikia matokeo, na mhariri wa michezo ataikata ibaki Hugh Wilson peke yake. Akilazimika kubakisha jina moja, abakishe hilo, ila ile safari ya miezi saba ya 1910 aifute.